Anunue bodi wapi? Duka moja la Kizota na jedwali la nchi tano

Mwenye duka alikuwa na swali moja tu: anunue bodi wapi? Duka lake liko upande wa Kizota, jijini Dodoma, na wateja wake ni mafundi seremala na wajenzi. Anauza plaiwudi, MDF, chipibodi ya melamini, hadibodi ya kuzibia migongo ya makabati, na marini bodi kwa wanaomwaga zege. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na hasa baada ya ujenzi wa Mji wa Serikali pale Mtumba kushika kasi, kazi za makabati ya jikoni, meza za ofisi na milango hazijakauka. Mali alikuwa akiitoa kwa waagizaji wa Dar es Salaam, analipa lori, anaongeza chake na kuuza. Faida ikawa inabanwa juu na chini. Ndipo likaja wazo la kuagiza kontena lake mwenyewe.

Mtoto wa kaka yake, kijana aliyemaliza chuo na anayeijua kompyuta vizuri, akamwambia, "Shangazi, usikurupuke. Tulinganishe nchi kwanza." Akaingia kwenye hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, ile inayoitwa Comtrade, akachota takwimu za China, Thailand, Afrika Kusini, Kenya na Tanzania kwa mwaka mmoja, 2021. Akajumlisha bodi zote za mbao kwa kila nchi: thamani iliyouzwa nje, thamani iliyoagizwa, uzito, na safu ya mwisho ikawa bei ya wastani kwa tani. Nchi zikapangwa kutoka ya bei nafuu hadi ya bei ghali. Kazi safi kwa macho. Mimi niliombwa kulipitia jedwali kabla pesa haijatoka benki, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kapu lenye vitu visivyofanana

Biashara ya dunia hupangwa kwa namba za forodha za HS, na bidhaa za mbao ziko kwenye sura ya 44. Kijana alijumlisha vichwa vinne: 4408 ambayo ni vinia, yaani karatasi nyembamba za mbao zinazomenywa kwenye gogo, 4410 ya chipibodi na ndugu yake OSB, bodi ya vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, 4411 ya bodi za nyuzi, yaani MDF na hadibodi, na 4412 ya plaiwudi. Kwa ulinganisho wa jumla wa nchi hilo si jambo la ajabu. Hata wanaoandaa takwimu za misitu hawakuwa na desturi moja kuhusu vinia: kuna jumla zinazoiweka ndani ya kundi la bodi, na kuna zinazoitenga. Kwa nchi kama Ujerumani au Marekani tofauti hiyo haigeuzi picha. Kwa Tanzania inaigeuza.

Sababu iko Mafinga. Msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, na pembeni yake kuna mashamba mengi ya watu binafsi ya misindano na mikaratusi. Zamani kumenya gogo kuwa vinia kulihitaji gogo nene, kwa kuwa mashine ilishika gogo katikati kwa vyuma na kiini kilichobaki kilikuwa kikubwa. Zikaja mashine zisizo na vyuma hivyo, zinazolizungusha gogo kwa magurudumu yanayolibana kutoka nje. Zinamenya hata mti mwembamba wa mkulima mdogo hadi kiini kibaki kama mpini wa jembe, na bei yake si ya kutisha. Ndizo zilizosambaza plaiwudi ya miti ya kupandwa China na Vietnam, na ndizo zilizojaza viwanda vya vinia na plaiwudi Mafinga.

MDF ni habari nyingine kabisa. Mbao husagwa kuwa nyuzi kwa mvuke, zikapakwa gundi, zikakandamizwa kwenye mashinikizo makubwa ya moto. Mtambo wa namna hiyo haulipi mpaka uzalishe kwa wingi mno, bila kukatika umeme, na gundi yake inategemea urea na fomaldihaidi, kemikali zinazotokana kwa kiasi kikubwa na gesi asilia. Mtu mwenye mtaji wa kati hawezi kuanza kidogokidogo kama kwenye vinia.

Kwa hiyo mstari wa Tanzania katika jedwali lile ulikuwa unasimulia hadithi mbili kwa mdomo mmoja. Upande wa mauzo ya nje unazungumza vinia na plaiwudi. Upande wa manunuzi unazungumza MDF na melamini. Ukitoa moja kwa nyingine unapata namba isiyohusu bidhaa yoyote iliyomo dukani. Shangazi alikuwa ameiangalia safu ya mauzo ya nje akashangaa, "Kumbe sisi wenyewe tunauza nje? Sasa mbona nanunua ya watu?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko jedwali lenyewe, na jibu ni kwamba anachonunua na kinachouzwa si kitu kimoja.

Hapa kuna mchepuko mdogo ambao naupenda. Indonesia ilizuia kabisa kuuza magogo nje mwaka 1985 na ikajenga viwanda vya plaiwudi kwa kasi, hadi ikawa muuzaji mkubwa wa plaiwudi ya kitropiki duniani. Gabon nayo ilizuia magogo mwaka 2010, ikawavuta wawekezaji kwenye eneo la viwanda la Nkok, na leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vinia za kitropiki. Hatua ni ileile, lakini moja ilifika kwenye plaiwudi na nyingine ikasimama zaidi kwenye vinia. Zikijumlishwa zote chini ya "bodi za mbao", tofauti hiyo, ambayo ndiyo yenye ajira na fedha, inamezwa.

Kilo, ujazo na bodi moja mkononi

Comtrade hutoa uzito kwa kilo, na kwa baadhi ya bidhaa huongeza ujazo. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, huhesabu bodi kwa mita za ujazo. Wamarekani wana mtindo wao wa futi za mraba elfu moja zilizogeuzwa kana kwamba kila bodi ina unene wa tatu ya nane ya inchi, na elfu moja hizo ni sawa na mita za ujazo 0.885. Fundi wa Dodoma hana habari na yote hayo. Yeye anasema "nipe nane kwa nne ya kumi na nane", maana yake futi 8 kwa 4, milimita 18.

Bodi hiyo ni milimita 2,440 kwa 1,220. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.0536, hivyo mita moja ya ujazo inatoa bodi 18 na ushee. MDF ya kawaida huwa na uzito wa kilo 700 hadi 800 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo bodi moja ina karibu kilo 39. Plaiwudi ya msindano ya ukubwa uleule ni nyepesi zaidi, wakati hadibodi hupita kilo 800 kwa mita ya ujazo bila shida. Ukilinganisha bei kwa tani, bidhaa nzito inaonekana nafuu na nyepesi inaonekana ghali, hata kama kwenye kaunta bei ya bodi ni moja. Jedwali letu lililopangwa kwa bei ya tani lilikuwa linazipa tuzo nchi zinazouza vitu vizito.

Kisha kuna ukubwa. Bodi nyingi za melamini kutoka Afrika Kusini ni milimita 2,750 kwa 1,830, zile ambazo hapa tunaziita tisa kwa sita. Eneo lake ni mara 1.69 ya nane kwa nne. Kijana, baada ya kurekebisha vipimo, alitaka kugawanya bei kwa 1.69 na kuishia hapo. Fundi mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua mali alicheka. "Bosi, pande za kabati langu ni sentimita sitini kwa mita mbili na arobaini. Nane kwa nne inanipa mbili. Tisa kwa sita inanipa tatu. Hiyo moja nukta sitini na tisa umeitoa wapi?"

Alikuwa sahihi. Kwenye upana wa milimita 1,220 unapata vipande viwili vya 600 na mabaki ya 20 ambayo msumeno unayala. Kwenye 1,830 unapata vitatu na mabaki ya 30. Kwa urefu, 2,440 inatoa 2,400 karibu bila hasara, na 2,750 inaacha kipande cha 350. Kwa mtu wa kabati refu, bodi kubwa ni mara 1.5, si 1.69. Kipande cha 350 kinaweza kuwa rafu au droo, kwa hiyo ukweli uko katikati, lakini unategemea fundi anatengeneza nini. Isitoshe bodi kubwa ya milimita 18 inapita kilo 60 na haipandi kwenye guta kirahisi. Mteja wa Nkuhungu anayebeba bodi moja moja ataiacha.

Wastani unaodanganya

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulieleza, nikaishia kulichora kwa namba za mfano tu. Tuseme Nchi ya Kwanza imeuza mita za ujazo 100. Themanini ni bodi tupu kwa dola 250, na 20 ni bodi zilizopakwa melamini kwa dola 600. Jumla ni dola 32,000, wastani 320. Nchi ya Pili nayo imeuza 100: tupu 30 kwa dola 230, zilizopakwa 70 kwa dola 560. Jumla 46,100, wastani 461. Nchi ya Pili ni nafuu kwa bodi tupu, ni nafuu pia kwa zilizopakwa, lakini kwenye jedwali inasimama kama ghali kwa kiasi cha kumfukuza mnunuzi.

Na mchanganyiko huu hauwezi kutenganishwa kwa tarakimu sita za HS. Mpaka marekebisho ya mwaka 2007, chipibodi iliyopakwa melamini ilikuwa na namba yake. Tangu hapo, chipibodi tupu na ya melamini zimo pamoja ndani ya 4410.11. Kwa 4411 mgawanyo wa MDF ni wa unene: hadi milimita 5, kati ya 5 na 9, na zaidi ya 9. Lakini humohumo zimo mbao za sakafu za laminati, zile zenye ulimi na mfereji, ambazo zimeshafanyiwa kazi nyingi. Nchi inayouza sakafu nyingi itaonekana ina MDF ya bei mbaya. Baadhi ya nchi hutenganisha zaidi kwa tarakimu nane au kumi kwenye takwimu zao wenyewe, na huko ndiko pa kwenda. Ulinganisho wa kimataifa wa tarakimu sita unatosha kujua nani ni mkubwa. Bei ya kununulia hauwezi kukupa.

Bandari ya jirani

Kijana aliona jambo lililomtia wasiwasi: kiasi ambacho baadhi ya nchi za Asia zilisema zimeuza Tanzania hakikulingana na kile Tanzania ilichosema imenunua kwao. Akadhani takwimu zimepikwa. Kabla ya kufika huko kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni bei: muuzaji huandika thamani ya mali ikiwa imepakiwa bandarini kwake, mnunuzi huandika thamani yenye nauli ya meli na bima ndani. Ya pili ni jiografia. Bandari ya Dar es Salaam inahudumia Zambia, Kongo ya Kinshasa, Rwanda, Burundi na wengine. Muuzaji anayejua tu kwamba meli inashusha Dar anaweza kuandika Tanzania, wakati bodi zinaelekea Lubumbashi. Tanzania, kwa upande wake, haitazihesabu mali zinazopita tu kwenda nchi nyingine kama manunuzi yake.

Mwaka nao ulikuwa umechaguliwa vibaya. Mwaka 2021 nauli za makontena zilipanda mno duniani kote kutokana na msukosuko wa korona, na bodi ni bidhaa nzito ya thamani ndogo, hivyo nauli inaiuma kuliko inavyouma simu au nguo. Kwa upande wa Kenya, mwaka huo ulikuwa katikati ya zuio la kuvuna miti kwenye misitu ya umma, lililotangazwa Februari 2018, na Rais Ruto hakutangaza kuliondoa mpaka Julai 2023. Kuisoma Kenya ya 2021 kama Kenya ya kawaida ni kujidanganya. Hata wakubwa hutikiswa. Marekani ilipoiwekea China ushuru mzito wa kuzuia mali kuuzwa kwa bei ya chini isiyo ya haki kwenye plaiwudi ya mbao ngumu mwanzoni mwa 2018, sehemu ya soko hilo ilihamia Vietnam. Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa mbao za Urusi mwaka 2022, plaiwudi ya mti wa birch ikabidi itafute njia nyingine. Mwaka mmoja hauonyeshi nchi ina nguvu gani. Nilimwomba achukue angalau miaka mitano, na asome mwelekeo wa miaka badala ya nafasi ya nchi kwenye orodha.

Uzito huohuo ndio unaoeleza kwa nini biashara nyingi ya bodi ni ya majirani. Kanada inaijaza Marekani OSB. Ujerumani huuzia nchi zinazoizunguka. Afrika Kusini huuzia kusini mwa bara. Kontena la futi 40 lina nafasi ya mita za ujazo 67 hivi, lakini ukiweka MDF, tani 26 zinatimia ukiwa na mita za ujazo 36 tu. Unalipia hewa.

Kutoka nchi hadi njia

Nilichopendekeza ni kuacha kuuliza nchi gani ni nafuu, na kuuliza bodi ipi, kwa njia ipi, inafika Kizota kwa shilingi ngapi kwa kila mita ya mraba ambayo fundi ataitumia. Jedwali jipya likawa na mistari ya bidhaa, na safu zikawa njia: Mafinga, muagizaji wa Dar, kontena la Asia, lori la Afrika Kusini.

Ushuru ulibadilisha mambo hapo hapo. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na imo katika SADC. Bodi ya Kenya au ya Afrika Kusini yenye cheti halali cha uasili hupata nafuu ya ushuru wa forodha ambayo bodi ya China au Thailand haipati. VAT ya asilimia 18 inawakuta wote. Bei ya bandarini ambayo jedwali la kwanza lilisimamia haina hata chembe ya habari hiyo. (Kwa samani zilizokamilika kutoka nje ya Jumuiya hali ni ngumu zaidi, maana tangu Julai 2022 zimo kwenye daraja la asilimia 35. Nadhani hiyo ni sehemu ya sababu mafundi wa Dodoma bado wana kazi.)

Kwa plaiwudi ya kawaida na marini bodi, Mafinga ilishinda bila kusukumwa. Barabara kupitia Iringa na Mtera ni kama kilomita 340, Dar ni kama 450, na hakuna meli katikati. Tatizo lilikuwa ubora, hasa ukavu. Mafinga kuna baridi na ukungu. Dodoma ya Agosti inakausha hata midomo. Plaiwudi iliyotoka kiwandani na unyevu mwingi inapinda ikifika huku, na tabaka za juu zinaweza kufumuka. Mzigo wa kwanza wa majaribio ulikuwa na bodi kadhaa za namna hiyo, na mazungumzo na kiwanda yakahama kutoka bei kwenda kwenye kipimo cha unyevu kabla ya kupakia, pamoja na aina ya gundi. Kwa marini bodi gundi inayostahimili maji haina mjadala, kwa sababu mjenzi anataka kuitumia tena na tena.

Kwa MDF na melamini, kontena halikupita. Kontena moja la milimita 18 ni bodi kati ya 600 na 700, na mteja wake anataka nyeupe leo, rangi ya mninga kesho, kijivu kesho kutwa. Mtaji wote ungelala kwenye rangi moja stoo, wakati muagizaji wa Dar anamuuzia bodi 20 za kila rangi. Tofauti ya bei anayolipa Dar ni gharama ya kutobeba hatari hiyo, na kwa ukubwa wa duka lake niliona ni gharama ya haki. Shangazi hakufurahi kuisikia. "Kwa hiyo naendelea kuwatajirisha wa Dar?" Kwa melamini, ndiyo, kwa sasa. Aliloweza kufanya ni kuongeza tisa kwa sita chache kwa karakana kubwa zenye msumeno wa meza na gari lao wenyewe, na kuzipangia bei kwa vipande vitatu vya kabati badala ya eneo.

Kontena limebaki kwenye daftari kwa masharti: apatikane mwenye duka mwingine wa kugawana naye, liwe la bodi nyeupe pekee kwa sababu ndiyo inayotoka kila wiki, na nukuu ya bei iwe ya mali iliyofika Kizota, si ya bandari ya Bangkok wala Qingdao. Kijana sasa anakusanya mauzo ya duka kwa rangi na unene, mwezi kwa mwezi, kazi ambayo haikuwahi kufanyika tangu duka lifunguliwe.